Simba Mwene Anapokufa: Hukumu za Wasomaji kuhusu Sehemu ya Mwisho ya Habari za Wakilindi, 1895–1995

Utangulizi

Hadithi ya shujaa inapotolewa kwa sehemu, sehemu ya kwanza humpa msomaji ahadi, na sehemu ya mwisho humwonyesha iwapo ahadi hiyo imetimizwa. Makala haya yanachunguza uhusiano huo katika kitabu kimoja cha zamani cha Kiswahili, Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na kuchapwa kwa sehemu tatu na misheni ya UMCA huko Msalabani, Magila, kati ya mwaka 1895 na 1907. Kitabu kinaanza na Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyekimbia kwao Nguu, akaingia katika Milima ya Usambara bila cheo wala ardhi, akaua simba huko Vuga na kufanywa mfalme. Kinapoelekea mwisho, hali imegeuka: Vuga imetekwa, wajukuu na vitukuu wa Mbegha wanapigana wao kwa wao, na watu wa Bondei wamewafukuza watawala wa Kikilindi.

Tangu kitabu kilipochapwa, kisa cha Mbegha kimependwa na kusimuliwa upya, ilhali simulizi ya kuvunjika kwa ufalme imeachwa zaidi mikononi mwa wataalamu. Swali la makala haya ni hili: wasomaji wa vipindi mbalimbali wameihukumuje sehemu hiyo ya mwisho, na hukumu zao zilisimama juu ya msingi gani? Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu ya kwanza imesomwa kama hadithi na ya mwisho kama ushahidi. Mgawanyo huo umewafanya wasomaji waitafutie sehemu ya mwisho kasoro za shahidi, yaani upendeleo, msongamano wa majina na ukosefu wa shujaa, badala ya kuuona uamuzi ambao sehemu hiyo inautoa juu ya shujaa mwenyewe.

Maelezo mawili ya awali yanahitajika. Kwanza, kwa kusema "sehemu ya mwisho" makala haya yanakusudia simulizi inayoanzia kifo cha Kimweri za Nyumbai na kuendelea hadi vita vya Kiva na matokeo yake. Huu ni mpaka wa maudhui. Si lazima ulingane na mpaka wa vijitabu vilivyotoka mtamboni. Pili, maoni ya msomaji hayapatikani katika barua na tahakiki pekee. Kuchapa kitabu ni kutoa maoni. Vivyo hivyo kukihariri, kukitafsiri, kukitumia kama chanzo cha historia, na hata kuziruka baadhi ya kurasa zake. Kwa kuwa wengi wa wasomaji wa kwanza hawakuacha maandishi, vitendo vya namna hiyo ndivyo vinavyochunguzwa hapa, kila kimoja katika mazingira ya wakati wake.

Mfumo wa Uchambuzi: Shujaa Asiyechakaa

Makala yanaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni la Hans Robert Jauss, ambaye mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alitoa hoja kwamba historia ya fasihi haikamiliki bila historia ya wapokeaji wake. Kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na vitabu alivyovisoma kabla na maisha anayoyaishi. Upeo ukibadilika, kitabu kilekile hupata hukumu nyingine.

Wazo la pili ni la Umberto Eco, aliyeandika mwaka 1962 juu ya Superman, shujaa wa katuni za Marekani aliyeanza kuchapwa mwaka 1938. Eco alionyesha kwamba shujaa wa namna hiyo yumo katika mtego. Akiwa shujaa wa kisasili hapaswi kubadilika. Lakini akiwa mhusika wa hadithi inayotoka toleo baada ya toleo, kila tendo lake humsogeza karibu na kifo, kama lilivyo tendo la mwanadamu yeyote. Watungaji huukwepa mtego huo kwa kuuficha wakati: kila kisa huanza upya kana kwamba kilichotangulia hakikumzeesha. Historia ya baadaye ya katuni hizo iliithibitisha hoja hiyo. Superman aliuawa katika toleo la mwaka 1992, na mwaka uliofuata akarudishwa. Frank Miller alipothubutu mwaka 1986 kumwonyesha Batman aliyezeeka, katika vitabu vinne vyenye mwisho dhahiri, hata huo mwisho ulikuwa kifo cha kuigiza.

Ulinganisho huu unahitaji uangalifu, kwa sababu katuni ya Kiswahili ilichukua njia nyingine. Wahusika wake waliopendwa sana, kama Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo nchini Kenya na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru nchini Tanzania, walichekesha kwa udhaifu wao. Nguvu zipitazo za wanadamu hawakuwa nazo. Mtafiti anayemtafuta katika Kiswahili shujaa mwenye uwezo wa ajabu, aliyesimuliwa kwa sehemu hadi mwisho, atamkuta mapema zaidi na mahali pengine, yaani katika tarihi. Ndiyo maana Mbegha anafaa kuchunguzwa kwa swali la Eco: ni nini humpata shujaa wa kisasili pale mwandishi anapoukubali wakati uingie katika hadithi?

Ahadi ya Sehemu ya Kwanza

Mbegha wa Habari za Wakilindi ana alama zote za shujaa wa ajabu. Aliota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa nuhusi, na jamaa zake wakamhofia. Alinyimwa urithi, akaishi porini na mbwa wake, akawa na dawa za kuwindia na mkono usiokosa. Alipofika Usambara alikuwa mtu wa mwituni aliyekula nyama, miongoni mwa wakulima waliokula mazao ya mashamba. Kilichomfanya akubalike ni matendo yake. Aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiyaharibu mashamba, na kupatanisha waliogombana. Usiku wa kufika Vuga alimuua simba, na tangu hapo mfalme wa Washambaa akaitwa Simba Mwene.

Masharti ya ahadi hiyo yamo ndani ya kisa chenyewe. Mbegha hakuiteka nchi kwa vita. Wenyeji walimwomba awatawale kwa sababu kuwepo kwake kuliwaletea shibe na usalama. Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi Usambara katika miaka ya 1960, alionyesha katika kitabu chake cha 1990 kwamba fikra za Washambaa kuhusu utawala zilijengwa juu ya dhana mbili za Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu asiye na mpinzani huleta mvua na mavuno. Wenye nguvu wanaposhindana, nchi huingia njaa. Kwa kipimo hicho Mbegha ni mponyaji wa nchi. Nguvu zake ni za kutisha, lakini zimeelekezwa kwa nguruwe na simba, wala haziwalengi raia.

Ufalme ulikuwa pia na njia yake wa kumlinda shujaa asichakae. Mbegha alipofariki, wazee wachache walikificha kifo chake mpaka mwanawe Buge alipoletwa Vuga na kutawazwa. Wafalme waliofuata walipokezana majina mawili, Shebughe na Kimweri, kizazi baada ya kizazi. Mtu alikufa, lakini Simba Mwene hakufa. Kile ambacho watungaji wa katuni walikifanya kwa kuanza kila toleo upya, Vuga ilikifanya kwa mazishi ya siri na majina ya kurithishana. Kwa hiyo msomaji wa sehemu ya kwanza alijengewa upeo wa matarajio ulio wazi: shujaa ni mmoja, harithiwi na udhaifu, na nchi iliyo mikononi mwake huwa salama.

Yaliyomo katika Sehemu ya Mwisho

Sehemu ya mwisho inauvunja upeo huo. Kimweri za Nyumbai alitawala kwa miaka mingi, na wageni wa nje walimkuta bado akiwa na sifa kubwa: Johann Ludwig Krapf alifika kwake mwaka 1848 na 1852, na Richard Burton na John Speke wakafika Vuga mwaka 1857, mfalme akiwa mzee. Msingi wa utawala wake ulikuwa kuwaweka wanawe kuwa watawala wa wilaya, hata Bondei na karibu na pwani. Mfumo huo ulikuwa imara kwa muda ambao watawala wa wilaya walikuwa wana na mfalme alikuwa baba yao. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kwa hesabu ya Feierman, kiti kilimwendea mjukuu wake Shekulwavu, kijana aliyejikuta akiwaamuru baba zake wadogo.

Mmoja wa hao alikuwa Semboja, aliyekaa Mazinde chini ya milima, katika bonde lililopitiwa na misafara ya biashara kati ya Pangani na bara. Huko alipata bunduki, nguo na washirika wasio Washambaa. Vuga iliyo juu mlimani ilitegemea kodi ya wakulima na heshima ya mila. Mazinde ilitegemea biashara. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliishambulia Vuga, Shekulwavu akakimbia, na Semboja akamweka mwanawe katika kiti cha Simba Mwene huku yeye akibaki Mazinde. Hilo peke yake lilikuwa jambo geni: mwenye nguvu halisi hakuutaka ufalme, na aliyekuwa mfalme hakuwa na nguvu.

Wakati huohuo Wabondei waliinuka dhidi ya Wakilindi waliowatawala. Mwinuko huo ndio ulioitwa Kiva. Watawala wa Kikilindi waliuawa au kufukuzwa. Chimbuko la uadui huo haliwezi kutengwa na biashara ya watumwa. Mtawala wa Kikilindi alikuwa na uwezo wa kuwachukua watu wa nyumba ya aliyetiwa hatiani, na kadiri soko la pwani lilivyopanuka, hukumu ya baraza ikageuka kuwa njia ya kupata mali. Wazazi walishuhudia watoto wao wakishushwa Tanga na Pangani. Kwa lugha ya sehemu ya kwanza, mwindaji aliyewalinda watu dhidi ya wanyama sasa aliwawinda watu wenyewe. Aidha, Kiva haikuleta amani. Vita viliendelea, kila upande ukitafuta washirika na bunduki, na waliouzwa waliendelea kuuzwa.

Mwandishi hakuyatazama hayo kwa mbali. Abdallah bin Hemedi aliishi miongoni mwa Wakilindi na kuifahamu baraza yao, na wakati wa misukosuko ya Kiva alikuwa mshiriki. Ndani ya simulizi anajitaja kwa jina lake kama mhusika mmojawapo. Msomaji aliyemsikiliza katika habari za Mbegha akiwa msimulizi wa mambo ya kale, sasa anamkuta amesimama katikati ya uwanja.

Wasomaji wa Kwanza: Msalabani, 1895–1907

Msomaji wa kwanza anayeweza kutambuliwa ni mchapishaji. Kwamba kitabu cha Mwislamu kuhusu wafalme wa Usambara kilitoka katika mtambo wa misheni ya Kianglikana ni tukio linalostahili kufafanuliwa. Magila iko Bondei, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Misheni ilianza kazi huko katika miaka ya 1860, Kiva ikiwa karibu, na waumini wake wengi wakawa watu wa nchi hiyohiyo iliyowafukuza Wakilindi. Kwa wasomaji hao, kisa cha Mbegha kilikuwa habari ya waliowatawala babu zao, na sehemu ya mwisho ilikuwa habari yao wenyewe. Waliokuwa vijana wakati wa Kiva walikuwa bado hai. Uamuzi wa kuendelea kuchapa hadi sehemu ya tatu, miaka kumi na miwili baada ya ya kwanza, unaonyesha kwamba simulizi haikuhesabiwa kuwa imetimia pale ufalme ulipokuwa katika kilele chake.

Kwa upande wa Usambara yenyewe, miaka hiyo ilibadili maana ya kila ukurasa. Mwaka 1895, mwaka uleule sehemu ya kwanza ilipotoka, Wajerumani walimnyonga Mputa, mfalme wa ukoo wa Semboja, na kumweka Kinyashi wa upande wa Shekulwavu. Lushoto ikawa Wilhelmstal, makao ya wilaya. Taasisi ya utafiti wa kilimo ikaanzishwa Amani mwaka 1902. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Hivyo aliyesoma habari za simba wa Vuga alizisoma katika nchi ambayo Simba Mwene aliwekwa na kuondolewa na ofisa wa kigeni. Swali la nani aliuvunja ufalme halikuwa la kale. Sehemu ya mwisho ilitoa jibu ambalo halikumpendelea mkoloni wala kumfariji Mkilindi: ufalme ulikuwa umekwisha kuvunjika kabla ya bendera ya Kijerumani kupandishwa, na waliouvunja ni wenyewe.

Jibu hilo lilikuwa na hatari yake. Serikali ya kikoloni ilihitaji kuamini kwamba iliikuta nchi katika vurugu na kuituliza. Habari za Wakilindi zingeweza kusomwa kwa namna hiyo. Lakini kitabu kinaweka mbele kilichowapata raia, kisha kinataja chanzo chake: ushindani wa wakuu na tamaa ya mali ya pwani. Hukumu hiyo humgusa kila mtawala anayekula nchi badala ya kuilisha, awe wa ndani au wa nje.

Wasomaji wa 1962: Kitabu Kimoja, Mwisho Mmoja

J. W. T. Allen alikihariri kitabu na kukitoa upya kupitia Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki mwaka 1962, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata mwaka 1963. Athari ya kwanza ya kazi hiyo ni ya kimaumbile. Sehemu zilizotenganishwa na miaka sasa zilikuwa ndani ya jalada moja. Msomaji wa Msalabani alikuwa na miaka ya kusubiri kati ya ushujaa na maangamizi. Msomaji wa 1962 aliweza kuyasoma yote kwa siku chache. Kilichokuwa mfululizo wa habari kikawa kazi moja yenye mwanzo na mwisho, na mwisho ukaanza kuhukumiwa kama mwisho.

Athari ya pili ilitokana na wakati. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, na utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Katika Lushoto suala hilo halikuwa la karatasi tu. Katika miaka ya 1950 wakulima walikuwa wameupinga mpango wa serikali wa kuhifadhi udongo, uliowalazimisha kutengeneza matuta katika miteremko ya mashamba yao, na lawama ziliwaangukia pia watawala wa Kikilindi waliotumiwa kuutekeleza. Feierman ameeleza jinsi wakulima hao walivyolijadili suala la ufalme na la chama cha TANU kwa dhana zilezile za kuponya na kuharibu nchi. Kwa hiyo kitabu kilirudi mikononi mwa wasomaji wakati uamuzi wa mwisho juu ya nyumba ya Mbegha ulipokuwa ukitolewa na Bunge.

Mwaka huohuo wa 1962 mwanaanthropolojia Edgar Winans alichapisha utafiti wake juu ya ufalme wa Washambaa, akiueleza kama katiba ya kimila yenye mpangilio wake. Vitabu hivyo viwili vikisomwa pamoja, tofauti iko wazi. Winans anaonyesha namna sehemu za utawala zilivyoshikamana; sehemu ya mwisho ya Abdallah bin Hemedi inaonyesha namna zilivyoachana. Msomaji aliyetaka kuujua ufalme kama utaratibu alikuwa na sababu ya kupendelea cha kwanza. Aliyetaka kujua kwa nini watu wa nchi waliweza kuuona ufalme ukiondoka bila kuupigania alikihitaji cha pili.

Wanahistoria: Hadithi Hapa, Ushahidi Pale

Kuanzia miaka ya 1970 wasomaji wakuu wa kitabu wamekuwa wanahistoria wa vyuo vikuu. Feierman, katika historia yake ya ufalme wa Washambaa iliyotoka mwaka 1974, alikilinganisha kisa cha Mbegha na masimulizi mengi aliyoyakusanya, akakichambua kama kisasili kinachoeleza jinsi utawala unavyopaswa kuwa. Kwa habari za Semboja na Shekulwavu alifanya kazi ya namna nyingine: alipanga matukio, akapima madai ya kila upande, akaeleza athari za biashara ya bondeni. Justin Willis, katika makala yake ya mwaka 1992, aliuchunguza Ubondei wenyewe na kuonyesha kwamba utambulisho huo ulijengwa hatua kwa hatua, historia zilizoandikwa na kusimuliwa zikiwa miongoni mwa vifaa vya ujenzi. Jonathon Glassman, mwaka 1995, aliiweka milima na Bondei ndani ya historia ya pwani ya Pangani na misukosuko ya 1888.

Kazi hizo zimeimarisha maarifa kwa kiwango kikubwa, na makala haya yanazitegemea. Hata hivyo, zikitazamwa kama historia ya usomaji, zinauimarisha mgawanyo uliotajwa mwanzoni. Habari za Mbegha huulizwa: zina maana gani? Habari za Kiva huulizwa: ni za kweli kiasi gani? Chini ya swali la kwanza mwandishi huwa msanii, na chini ya la pili huwa mshukiwa.

Hukumu Tatu na Majibu Yake

Kutokana na usomaji huo zinajitokeza hukumu tatu juu ya sehemu ya mwisho. Hukumu ya kwanza ni kwamba ina upendeleo, kwa kuwa mwandishi alikuwa mshiriki. Ushiriki ni kweli, na mtafiti anapaswa kuupima katika kila tukio. Lakini haifuati kwamba sehemu ya kwanza haina upendeleo. Habari za Mbegha ziliwafikia wasikilizaji kupitia midomo ya waliotawala kwa jina lake, na kisa kinachosema kwamba wenyeji waliomba kutawaliwa kina mwenye kunufaika nacho. Tofauti ni kwamba katika sehemu ya mwisho msimulizi amejionyesha, na hapo msomaji anaweza kumpima. Sehemu ya kwanza imemficha, na upendeleo wake umepita kwa jina la mapokeo.

Hukumu ya pili ni kwamba sehemu ya mwisho haina shujaa: majina ni mengi, mapigano hurudiwa, na hakuna anayesimama juu ya wengine. Hapa ndipo hoja ya Eco inaposaidia. Kukosekana kwa shujaa ni matokeo ya wakati kuingia katika hadithi. Simba Mwene aliweza kuwa mmoja kwa muda ambao kifo kilifichwa na mrithi alikuwa tayari. Pale wadai wa kiti walipokuwa wengi, nguvu iliyokuwa katika mtu mmoja iligawanyika kwa watu wengi, na simulizi ikagawanyika pamoja nayo. Msongamano wa majina unamfanya msomaji aionje hali ya raia wa miaka hiyo, ambaye hakujua amtii nani wala kesho atapita nani. Usomaji huu hauhitaji kudai kwamba mwandishi alikusudia athari hiyo; unahitaji kukubali tu kwamba umbo la simulizi na hali ya nchi vinalingana.

Hukumu ya tatu ni kwamba mwisho haufungi: Kiva inashinda lakini haki haisimami, na hakuna Mbegha wa pili anayetokea. Hukumu hiyo hutegemea matarajio kwamba hadithi ya shujaa lazima imrudishe shujaa. Watungaji wa katuni za Marekani waliyatii matarajio hayo walipomfufua Superman. Abdallah bin Hemedi hakuyatii. Asingeweza, kwa sababu wasomaji wake walikuwa wameona kwa macho yao kwamba hakurudi mtu. Uaminifu wa sehemu ya mwisho kwa wasomaji hao ndio uliowafanya wasomaji wa baadaye waione haijakamilika.

Zikiwekwa pamoja, sehemu zote za kitabu zinapimwa kwa mizani moja, ile ya kuponya na kuharibu nchi. Mbegha anapokewa kwa sababu wakulima wanashiba na kulala salama. Wajukuu na vitukuu wake wanakataliwa kwa sababu wakulima hao wanauzwa. Kisa cha kwanza bila cha mwisho ni sifa za ukoo. Cha mwisho bila cha kwanza ni orodha ya vita. Vikiunganishwa, vinakuwa hoja ya kisiasa juu ya mkataba kati ya mtawala na watawaliwa, iliyoandikwa kwa Kiswahili wakati nchi ilipokuwa mikononi mwa wakoloni.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hukumu juu ya sehemu ya mwisho ya Habari za Wakilindi zimebadilika kwa kadiri upeo wa wasomaji ulivyobadilika. Kwa wasomaji wa Msalabani ilikuwa habari ya maisha yao. Kwa wasomaji wa 1962 ikawa mwisho wa kitabu kimoja, uliokutana na mwisho wa utawala wa machifu. Kwa wanahistoria imekuwa chanzo cha kupimwa kwa tahadhari. Katika vipindi vyote hivyo Mbegha amebaki kijana, mwenye mbwa na mikuki yake, kwa sababu wengi huishia pale anapoua simba.

Mambo mawili yanapendekezwa kwa watafiti. Kwanza, ufundishaji wa kitabu hiki katika kozi za fasihi na historia ya Kiswahili usitenganishe kisa cha Mbegha na habari za Kiva, kwani kufanya hivyo ni kurudia kazi ya wazee waliokificha kifo cha mfalme, bila sababu waliyokuwa nayo wao. Pili, utafiti wa uwandani katika Lushoto, Korogwe na Muheza uwaulize wasimulizi wa leo wanaishia wapi wanaposimulia habari za Wakilindi, na kwa nini wanaishia hapo. Watu waliouzwa katika miaka ya Semboja na Kiva hawakuacha tarihi yao. Kurasa za mwisho za Abdallah bin Hemedi ni miongoni mwa mahali pachache palipoandikwa yaliyowapata, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuzisoma hadi mwisho.